Mti Wenye Panda

Ukitoka njia panda ya Nyakanazi ukapita Lusahunga kuelekea Rusumo, unaandamana na malori ya Rwanda na Burundi hadi Ngara, ambako migomba inashika vilima. Kwa aliye ndani ya gari, migomba ni migomba tu. Shuka, uingie shambani kwa mtu anayeijua kazi, ndipo utagundua kwamba kilimo hiki si cha kupanda. Mgomba huzaana wenyewe. Ufundi wake uko katika kutoa: kujua kipi kiondoke, lini, na kwa mkono gani.

Anza na machipukizi. Shina moja likiachiwa litaota watoto wanane, tisa, na wote watakonda. Kanuni inajulikana na kila bwana shamba: mama, mtoto, mjukuu, basi. Lakini kanuni haikuambii umwache mtoto yupi. Mzee mmoja wa upande wa Rulenge niliyemtazama akifanya kazi hii alizunguka shina kwanza, mikono nyuma, kabla ya kugusa jembe. Chipukizi lenye majani mapana, ambalo mgeni angelipenda, aliling'oa. Aliacha lenye majani membamba yaliyochongoka, lililotoka chini kabisa, tena upande ule ule ambao mashina mengine yote yalikuwa yanasogea. Migomba hutembea, mwanangu, aliniambia. Usipoiongoza, baada ya miaka itagongana. Nilipotupa macho nyuma niliona mistari yake bado imenyooka, na shamba hilo alilirithi.

Kisha ikaja zamu ya ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, na hapo ndipo penye uhondo, kwa sababu ya ugonjwa mmoja.

Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulielezwa kitaalamu Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, jamaa ya mgomba, ukabisha hodi Uganda mwaka 2001, na kufikia 2006 ulikuwa umethibitishwa Kagera. Majani hulegea na kugeuka manjano, ndizi huiva kabla hazijakomaa, na ukilikata shina linatoa uchafu wa manjano unaonata. Hauna dawa ya kupuliza. Unasafiri kwa njia kuu mbili: panga la mkulima, na wadudu wanaofuata asali kwenye ua dume. Kila ganda la ua linapodondoka huacha kidonda kibichi, na nyuki aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa akitua hapo, kazi imekwisha. Nyuki huyo huyo, jamani, ndiye anayetupa asali ya misitu ya Biharamulo. Ndizi za pombe aina ya kayinja, kama Waganda wanavyoiita, ndizo huumia zaidi kwa njia hii.

Kwa hiyo ua liondoke mapema, na lisiondolewe kwa chuma. Mzee ana mti mrefu wenye panda nchani, umelainika kwa kushikwa. Anaupandisha taratibu mpaka kikonyo cha ua kikae ndani ya panda, chini kidogo ya chane ya mwisho, anazungusha kiganja mara moja, na ua linakatika. Papo hapo anarudi hatua pembeni, kwa sababu utomvu wa mgomba ukidondokea shati, hilo shati ni la shambani maisha yote. Akiwahi mno, chane za mwisho hazijatoka. Akichelewa, nyuki wametangulia. Kwa hiyo hupita kila baada ya siku chache akitazama juu tu. Mkungu ulioondolewa ua hujaza vizuri zaidi, maana chakula hakigawanywi tena.

Panga lake nalo halitoki mgomba mmoja kwenda mwingine bila kupita motoni au kwenye ndoo ya maji yenye jiki. Kazi inakuwa ndefu mara mbili. Nimeona vijana wakichovya ncha tu, kwa kumridhisha anayewatazama. Yeye huchovya hadi kwenye mpini.

Hapo awali shina lenye mgomba mmoja mgonjwa lilichimbuliwa lote, na kaya zilibaki na mashimo. Majaribio yaliyofanyika Kivu, Kongo mashariki, na kwingineko yameonyesha kwamba bakteria haienei mara moja kwa watoto wote wa shina. Ukiukata mgomba mgonjwa usawa wa ardhi pale tu dalili inapojitokeza, na ukarudia kila unapoona mwingine, shamba linaweza kupona polepole. Njia hii ni nafuu kwa mgongo, ila inadai jicho. Redio inaweza kukutangazia choma panga, toa ua. Haiwezi kukuonyesha tofauti ya jani lililolegea kwa ugonjwa na lililolegea kwa jua la mchana. Jicho hilo hupatikana kwa kuandamana na mwenye nalo, asubuhi baada ya asubuhi, na vijana wengi wa Ngara na Biharamulo siku hizi wanaona bodaboda inalipa haraka zaidi. Siwalaumu.

Ila nina ombi kwa waandaaji wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Kila mwaka mkungu mkubwa husifiwa kwa uzito wake. Mwaka huu, kabla ya kumpa mtu zawadi, nendeni shambani kwake mkaulizie mti wenye panda, kisha mtazame panga lake linavyoingia kwenye ndoo.