Mji wa Sungura Usio na Mama

Mwezi uliopita, pale Mikindani, nilikaa mkekani na wapwa zangu watatu kucheza Bunnies & Burrows. Ni mchezo wa kuigiza: kila mmoja anakuwa sungura, dadu zinarushwa, na msimamizi, ambaye siku hiyo nilikuwa mimi, anasimulia yanayowakuta. Uliandikwa na B. Dennis Sustare na Scott Robinson, ukatoka Marekani mwaka 1976, miaka minne baada ya riwaya iliyouzaa, Watership Down ya Richard Adams. Sungura wachache wanakimbia makao yanayokaribia kuangamizwa na kutafuta mahali pa kuchimba upya. Kisa ndicho hicho, na ni kitamu kweli.

Shida ya kwanza ilikuwa Sungura mwenyewe. Wapwa zangu wanamjua yule wa hadithi za bibi, anayemlaghai Fisi halafu anatokomea. Yule hana mji. Na hata porini kwetu sungura hachimbi: analala juu ya ardhi, kwenye majani aliyoyalalia mpaka yakabonyea, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Wa Adams ni mnyama mwingine, wa Ulaya, anayezaa watoto uchi, wasioona, chini ya ardhi. Ndiyo maana anahitaji mji. Kiswahili kinawaita wote sungura, nami sikuwahi kulifikiria hilo mpaka mpwa wangu mdogo alipokataa katakata kuchimba. "Sungura gani huyo, mjomba? Huyo si panya?"

Haya, tukakubaliana wachimbe. Wapi sasa? Nikawachorea ramani ya kwetu: mdomo wa Ruvuma, mikoko, Msimbati, halafu ardhi inavyopanda kuelekea uwanda wa Makonde. Wakachagua mdomo wa mto, kwenye majani tele. Usiku wa kwanza nikawaletea bamvua, mashimo yote yakajaa maji ya chumvi. Wakapanda juu.

Hapo nikaikumbuka simulizi ya asili ya Wamakonde aliyoiandika Mjerumani Karl Weule, aliyefika uwandani mwaka 1906. Mtu asiyeoga wala kunyoa alitoka kichakani huko Mahuta, akachonga sanamu ya mti. Usiku sanamu ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma, mtoto akazaliwa mfu. Wakaenda bonde la Mbwemkuru, mfu tena. Wakarudi juu, wa tatu akaishi. Baba akawausia wanawe wakae juu, mbali na mito mikubwa.

Sasa msome Adams. Fiver, sungura mdogo mwenye kuona yajayo, naye anawaambia wenzake watafute kilima kirefu, kikavu, panaposikika kila kinachokuja. Hawa na wale hawajawahi kukutana, lakini ushauri ni uleule.

Ila wa Adams wanafika kileleni wote wakiwa madume. Mji umeshachimbwa ndipo wanashtuka: watazaa na nani? Wanachukua majike wawili kutoka zizi la shambani, kisha wanawatorosha wengine kutoka Efrafa, kwa yule jenerali katili Woundwort. Kurasa za utoro huo nazipenda mno, nimezirudia mara nyingi. Lakini jike humo ni hitaji, kama nyasi. Wala si kwamba Adams hakujua. Alikuwa amesoma utafiti wa R. M. Lockley juu ya sungura, na riwaya yenyewe inasema kuchimba ni kazi ya majike. Madume wake wanachimba kwa kukosa budi. Alijua waasisi halisi ni nani, akawaweka nje ya safari.

Nami nilifuata ramani yake bila kuwaza, nikawagawia wapwa zangu madume watatu. Mpwa wangu wa kike akauliza, "Mama zao wako wapi?" Nikamwambia watakuja baadaye. Akaziweka dadu chini. "Sasa huo mji ni wa nani?"

Mtoto wa Kimakonde kuuliza hivyo si jambo la ajabu. Kijadi kwetu ukoo unahesabiwa kwa mama, na mimi mwenyewe nakaa mkekani pale kama mjomba kwa sababu hiyo. Katika simulizi ya Mahuta mji hauanzi mpaka mwanamke azae.

Nisiipambe lakini. Ule wosia wa kukaa juu una gharama, na gharama hiyo waliibeba mabinti. Uwandani maji ni ya shida. Bibi yangu alikuwa akitoka kwao Newala kabla ya alfajiri, anateremka mteremko wa Ruvuma na mtungi, anarudi jua limeshakuwa kali. Sungura wa Adams hawalijui hilo, umande unawatosha.

Tukaanza upya. Safari hii kundi likaongozwa na jike wa mpwa wangu. Akapita mdomo wa mto bila kusimama, akapanda mpaka juu, akachagua mahali. Kabla hajaanza kuchimba akaniuliza maji yatatekwa wapi, na nani. Sikuwa nimeliandaa hilo. Nimemwambia tutaendelea Jumamosi.