Ufundi wa Kumaliza: Sifa ya Mchezo wa Uhusika wa Kikao Kimoja

Miongoni mwa michezo inayochezwa mezani, mchezo wa uhusika ndio usio na mshindi, na pengine ndiyo sababu wengi wanaousikia kwa mara ya kwanza huuliza unaishaje. Ni mchezo ambao watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akajitwalia mhusika wa kubuni na kusema kwa kinywa chake anachofanya mhusika huyo, huku kanuni zilizoandikwa, pamoja na dadu, karata au chombo kingine cha bahati, zikiamua pale isipojulikana kama tendo litafaulu. Hakuna jukwaa wala maleba, na hakuna hadhira iliyokaa kando, kwa kuwa wanaosimulia ndio hao hao wanaosikiliza. Kwa desturi mmoja wao huwa msimamizi wa mchezo, yaani mtu anayeieleza dunia ya hadithi na kuwasemea wahusika wote wasio na mchezaji, ingawa, kama itakavyoonekana, wapo wabunifu waliokifuta hata cheo hicho.

Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa, ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na ndio uliojenga mazoea ambayo yangali na nguvu hadi leo: hadithi ndefu inayoendelea wiki baada ya wiki, pengine kwa miaka, ambayo wachezaji huiita kampeni. Kampeni ina raha zake na si haki kuzibeza, maana mhusika hupata nafasi ya kukua na kuchukiwa na kusamehewa. Lakini ina udhaifu ambao wapenzi wake huukiri kwa shida, nao ni kwamba nyingi haziishi bali hukatika. Mchezaji mmoja huhama mji, mwingine hupata mtoto, msimamizi huchoka, na kisa kilichokuwa kikielekea kwenye vita vikuu hubaki njiani bila hata kuagwa. Ufundi unaosifiwa hapa ni wa kinyume chake: kutunga kisa kinachoanza, kikapanda, kikafika kileleni na kumalizika katika kikao kimoja cha saa tatu au nne, hata waliokaa mezani wakainuka wakiwa wamekisikia chote.

Ni kweli kwamba kikao kimoja chenyewe si kitu kipya. Mwaka 1975, katika mkutano wa wachezaji uitwao Origins, Gygax aliwapitisha washindani katika kaburi lenye mitego alilolitungia mashindano, nalo likachapishwa mwaka 1978 kwa jina la Tomb of Horrors. Makundi mbalimbali yaliingizwa katika kaburi lile lile kwa muda uliowekwa, ili waamuzi waweze kuyalinganisha. Hata hivyo mwisho wa michezo ya namna hiyo ulitoka nje ya hadithi, kwenye saa ya ukumbini, na kundi lililokatizwa katikati ya chumba cha tatu cha kaburi halikuwa na hadithi bali alama. Muda ulikwisha, kisa hakikwisha. Tofauti iliyoletwa baadaye na wabunifu huru, yaani watu wanaotunga na kuchapisha kazi zao wenyewe bila kuajiriwa na kampuni, ni kwamba waliutia mwisho ndani ya kanuni, ukawa sehemu ya mashine ya mchezo kama dadu zilivyo. Huenda uhuru huo wa kibiashara ulichangia, kwa kuwa mchapishaji anayeishi kwa kuuza juzuu za nyongeza hana sababu kubwa ya kutamani mchezo wake uishe.

Edgar Allan Poe, katika insha yake ya mwaka 1846 kuhusu utunzi, alishikilia kwamba kazi ya fasihi isiyoweza kusomwa kwa mkao mmoja hupoteza umoja wa athari, kwa sababu shughuli za dunia huingia kati na kuivunja. Hoja hiyo inaufaa mchezo wa kikao kimoja kuliko inavyoifaa hadithi fupi, ila kuna tatizo ambalo Poe hakulazimika kulishughulikia. Yeye alilimiliki kila neno, naye alisema wazi kwamba mwandishi aujue mwisho kabla ya kuanza. Mbunifu wa mchezo hayupo mezani, hawajui watakaoketi pale, na hawezi kuujua mwisho, kwa kuwa mwisho ni wao watakaoutunga. Anachoweza kukifanya ni kuweka vitu vichache mikononi mwa wageni hao, vitu ambavyo vikitumiwa kwa uaminifu vitawafikisha kwenye kilele na kisha kuwazuia wasiendelee.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote ni Dread, mchezo wa kutisha wa Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore uliotoka mwaka 2005. Mchezo huu hauna dadu. Katikati ya meza husimamishwa mnara wa vipande 54 vya mbao, vitatu vitatu katika safu 18, na kila mhusika anapotaka kufanya jambo lenye hatari, mchezaji wake huchomoa kipande kimoja na kukiweka juu. Mnara ukisimama, tendo limefaulu. Ukianguka, mhusika ametoka katika hadithi, kwa kufa au kwa njia nyingine isiyo na marejeo. (Mnara huo ni ule wa Jenga, mchezo wa Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukua akisema Kiswahili, aliyeupeleka sokoni London mwaka 1983 akiwa ameuacha na jina lake la Kiswahili.) Mchezaji anaruhusiwa kukataa kuchomoa, na hapo tendo hushindikana lakini roho hubaki; anaruhusiwa pia kuuangusha mnara kwa makusudi, na hapo mhusika wake hutoka akiwa amelitimiza alilolikusudia, ambayo ndiyo njia pekee ya kufa kishujaa.

Inafaa kutazama kwa karibu kinachotokea wakati kipande kinapochomolewa. Saa ya kwanza wachezaji huvuta huku wakiongea na kutaniana, kwa kuwa mbao za katikati ni legelege na mnara haujali. Saa ya pili maongezi hukoma kila mkono unapokaribia, vidole hugusa kipande hiki, vikakiacha na kujaribu cha chini yake, na mtu aliyekuwa ameegemeza kiwiko mezani hukiondoa taratibu bila kuambiwa. Wanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba taharuki hutokana na mpangilio wa matukio, yaani msuko. Hapa msuko umegeuzwa kuwa mbao, na kila aliyeketi anaiona hatari ikikua kwa macho bila msimamizi kuongeza chumvi. Hadithi ya kutisha inayosimuliwa vibaya hulegea katikati. Mnara haujui kulegea isipokuwa kuelekea mwisho.

Ufundi wa Dread huonekana pia kabla ya mchezo, katika maswali ambayo msimamizi humwandikia kila mchezaji ili ayajibu na hivyo kumuumba mhusika wake. Swali zuri halimuulizi mtu kama mhusika wake ana woga. Humuuliza kwa nini hajawahi kurudi katika nyumba aliyozaliwa, au ni nani kati ya wenzake wa safari aliyewahi kumwona akiiba, na kwa kulijibu tu mchezaji anakuwa amekubali kwamba nyumba ipo, wizi ulitokea, na mwenzake anajua. Kwa maswali kumi na mawili ya namna hiyo hupatikana mtu mwenye historia, siri na deni, jambo ambalo kampeni hulipata baada ya miezi.

Fiasco, uliotungwa na Jason Morningstar na kutolewa mwaka 2009, unafika mbali zaidi kwa kumwondoa msimamizi kabisa. Unaiga filamu za uhalifu ulioharibika, mfano zile za ndugu Coen, ambamo watu wenye tamaa kubwa na akili ndogo hujichimbia shimo wenyewe. Wachezaji watatu hadi watano huleta dadu nne kila mmoja, mbili nyeupe na mbili nyeusi, huzirusha zote mara moja, kisha kwa zamu hutumia namba zilizotokea kuchagua kutoka katika orodha zilizoandaliwa za uhusiano, mahitaji, mahali na vitu. Kila waliokaa jirani hufungwa kwa uhusiano mmoja na jambo jingine juu yake, hata kabla ya tukio la kwanza kuchezwa, meza nzima imekwisha kuwa wavu. Zamu ya mtu ikifika, yeye huchagua jambo moja kati ya mawili: kuliweka tukio mwenyewe na kuwaachia wenzake waamue litaishaje, au kuwaachia wao waliweke na yeye akaamua mwisho. Hakuna mwenye vyote viwili, na katika kanuni hiyo moja kuna mafunzo ya utunzi kuliko vitabu vingi vya mwongozo.

Kila tukio linapokwisha, dadu moja hutoka katikati ya meza, nyeupe kwa mwisho mwema na nyeusi kwa mbaya. Katika nusu ya kwanza mchezaji humpa mwenzake, katika nusu ya pili hujiwekea. Katikati, dadu zikibaki nusu, huingizwa vurugu ambayo hakuna aliyeipanga, na dadu za mezani zikiisha, hadithi imeisha. Ndipo inapokuja hesabu ambayo haisifiwi inavyostahili. Kila mtu huzirusha dadu alizojikusanyia, hujumlisha nyeupe peke yake na nyeusi peke yake, na kutoa ndogo katika kubwa. Tofauti ikiwa kubwa, kwa rangi yoyote, mhusika wake huponea, na ikiwa ndogo, huangamia, sifuri ikiwa ni balaa kuliko yote. Maana yake ni kwamba aliyetendewa wema daima na aliyetendewa ubaya daima wote wana nafasi ya kuokoka, ilhali aliyechanganya, aliyekuwa na bahati asubuhi na nuksi jioni, ndiye anayelipa. Mantiki hiyo ni ya filamu hasa, wala haikuelezwa kwa maneno popote katika mazungumzo ya wahusika. Imo katika kutoa na kujumlisha. Fiasco ulipewa tuzo ya Diana Jones mwaka 2011, na ulistahili, ingawa una kasoro yake: meza ambayo kila mtu anataka kuchekesha hauiokoi.

Katika Ten Candles wa Stephen Dewey, wa mwaka 2015, mwisho hutangazwa kabla ya kuanza: wahusika wote watakufa, na wachezaji wanaambiwa hivyo mapema. Huwashwa mishumaa midogo kumi katika chumba chenye giza, idadi ya inayowaka ndiyo idadi ya dadu wanazoweza kurusha, na kila wanaposhindwa mmoja huzimwa. Ukizimwa na upepo au na pumzi ya mtu aliyecheka, hauwashwi tena. Ajabu ni kwamba kuujua mwisho hakuipunguzi taharuki hata kidogo, kwa kuwa swali linalobaki si kama watapona, bali watakuwa watu wa namna gani mishumaa ikiwa mitatu.

Kuanza nako kuna fundi wake, na fundi huyo ni John Harper. Lady Blackbird, aliyoitoa mwaka 2009, inaanza pale ambapo watungaji wengi wangefikia baada ya saa mbili: bibi mwungwana aliyekimbia ndoa ya kulazimishwa, akielekea kwa mfalme wa maharamia anayempenda, amekamatwa pamoja na mabaharia wa chombo chake na kutiwa mahabusu ndani ya manowari ya dola. Wahusika watano wamekwisha kuandikwa, pamoja na matamanio yao, na kila tamanio lina thawabu kwa anayelifuata na thawabu kubwa zaidi kwa anayeliacha mara moja tu na kubadilika kwa hilo. Nahodha wa chombo hicho kilichokamatwa ana mapenzi ya siri kwa bibi huyo anayempeleka kwa mwanamume mwingine. Mchezaji akilisoma hilo katika karatasi yake, hahitaji kuelekezwa zaidi.

Michezo ya ukurasa mmoja, ambayo imekuwa mingi mno, haistahili sifa kwa usawa. Mingi ni kichekesho kimoja kilichovishwa dadu, kikaisha utamu baada ya nusu saa. Lakini Honey Heist wa Grant Howitt, wa mwaka 2017, ambamo wachezaji ni dubu wanaopanga kuiba asali, unasalimika kwa sababu chini ya mzaha kuna mizani halisi: kila dubu ana pointi tatu za udubu na tatu za ujambazi, mpango ukiharibika pointi moja huhamia upande wa udubu, ukifaulu huhamia upande wa ujambazi, na upande wowote ukifika sita mhusika amepotea. Tena mwisho umo ndani ya kanuni, katika nafasi isiyozidi ukurasa.

Anayetaka kuupima ufundi huu asitosheke na kuusoma, maana kanuni zake zikisomwa tu huwa kavu kama maelekezo ya dawa. Na aanze na Lady Blackbird, ambayo mtunzi wake huitoa bure: akusanye watu wanne au watano baada ya chakula cha jioni, awagawie wahusika, awaambie kwamba mlango wa mahabusu umefungwa, kisha awape nafasi ya kusema.