Utajiri wa jibu uko kwenye swali la pili

Aliyewahi kuchambua dodoso anaijua ile nafasi ya mwisho: "Toa maoni yako." Wengi huiacha wazi. Wanaoijaza huandika "sawa", "mbaya", "waboreshe". Si kwamba hawana la kusema. Kuandika kwa kidole gumba kwenye simu ndogo kunachosha, na wako wasioandika kabisa ambao ukiwapa nafasi watazungumza nusu saa.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia sauti. Ujerumani, Konstantin Gavras, Jan Karem Höhne na wenzao walichapisha mwaka 2022 ulinganisho wa majibu ya kuandika na ya kusema kuhusu siasa: waliosema walitoa majibu marefu zaidi. Hispania, Melanie Revilla, Mick Couper na wenzao walikuwa wamekwisha kuonyesha upande wa pili: mtu akitakiwa kujibu kwa sauti, ni rahisi zaidi aliruke swali. Kwetu sababu hazitafutwi mbali. Yuko kwenye daladala, au bosi yuko meza ya pili, au swali linahusu ndoa na mume kakaa pembeni.

Kinachobadilishwa na akili mnemba ni kile kinachofuata baada ya jibu la kwanza. Simu za zamani za "bonyeza moja" zilirekodi tu. Mfumo wa sasa hugeuza sauti kuwa maandishi, modeli ya lugha huyasoma na kupima kama jibu limejitosheleza, na kama bado, hutunga swali la kudodosa na kulisoma kwa sauti, papo hapo.

Chukua mfano wa maji. Mhojiwa anasema, "Maji yapo, lakini shida." Kinasa sauti kingeishia hapo. Mfumo uliopangwa vizuri unauliza, "Shida gani, mama?" Naye anafunguka: "Yanatoka saa nane usiku, ukilala umekosa. Mimi mgongo unanisumbua, namlipa kijana wa jirani anijazie madumu." Umepata ratiba ya mgawo, gharama isiyoonekana kwenye ankara ya maji, na habari ya afya. Lakini mashine ikiuliza, "Shida ni mgawo?" imeshamtia maneno mdomoni, na mtu mstaarabu ataitikia ndiyo ili mazungumzo yaishe kwa heshima. Kwa hiyo maelekezo ya mfumo yawe makali: itumie neno alilolitumia mhojiwa mwenyewe, iulize jambo moja, na isidodose zaidi ya mara mbili.

Na ile saa nane usiku ina hatari yake. Mfumo unaofasiri jibu kwenda Kiingereza kabla ya kulichambua ukiibeba nane kama ilivyo, jedwali litaonyesha maji yanatoka saa mbili usiku, watu wakiwa bado mezani. Kosa hilo halionekani kwa anayesoma ripoti, na mamlaka ya maji inaweza kupanga mambo kwa kulifuata.

Usikivu wenyewe hauko sawa kwa wote. Whisper, modeli ya unukuzi iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti; lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana takriban 117,000 tu kati ya hizo. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Kiswahili kwa kujitolea kwa wasemaji, na ni kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo, anayezungumza kama mtangazaji wa redio huelekea kusikika vizuri kuliko mzee wa Lubumbashi au kijana wa Sheng'. Jibu la hawa likinukuliwa vibaya litaonekana maskini, kumbe sikio ndilo maskini. Rekodi lazima zihifadhiwe, na watu wa kila eneo wasikilize sehemu yazo.

Kuhifadhi sauti kuna masharti. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataja utambuzi wa sauti miongoni mwa taarifa za kibayometriki, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2022. Mhojiwa aambiwe mwanzoni kabisa kwamba anazungumza na mashine, nani atasikia, na rekodi itafutwa lini.

Kwa anayetaka kujaribu, mizani ipo tayari. Twaweza, kwa mradi wake wa Sauti za Wananchi, ilizipa kaya simu na chaja za jua, kisha wahoji wakazipigia. Fuata njia hiyo, lakini igawe sampuli nusu kwa nusu, mhoji na mashine, swali lile lile. Kabla ya kuhesabu maneno, hesabu waliokata simu, na uangalie ni akina nani.