Paka Mpelelezi na Nunda Mla Watu: Maoni juu ya Riwaya Tulivu ya Upelelezi

Utangulizi

Riwaya ya upelelezi si ngeni tena katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Tangu Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, wahakiki wamebishana sana juu ya nafasi ya kazi hizi: je, ni fasihi hasa au ni kipumbazo cha msafiri garini? Mabishano hayo hatutayarudia hapa. Tunakusudia kulitazama tawi moja la riwaya ya upelelezi ambalo, likitajwa mbele ya walimu wa fasihi, huzua kicheko kabla ya kuzua hoja. Nalo ni lile ambalo ndani yake fumbo la mauaji hufumbuliwa kwa msaada wa paka.

Aina hii tutaiita riwaya tulivu ya upelelezi. Sifa zake ni bayana. Mauaji hutendeka pembeni na damu haionyeshwi. Mpelelezi si askari bali ni raia mwenye udadisi. Mandhari ni kijiji au mji mdogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake. Mwishoni mhalifu hujulikana na watu hurudi kwenye chai yao. Mfano wake maarufu ni The Murder at the Vicarage ya Agatha Christie, iliyotoka mwaka 1930. Waandishi wa Marekani waliufuata mfano huo, kisha wakamwingiza paka, na rafu za maduka ya vitabu zikajaa. Mtu akisoma ng'ambo, kama tulivyosoma sisi, hawezi kuzikwepa rafu hizo.

Maswali yetu ni mawili. Kwanza, je, paka katika riwaya hizi ana kazi katika msuko, au ni pambo la jalada? Pili, utulivu unaosifiwa katika riwaya hizi unagharimiwa na nani? Swali la pili ndilo zito zaidi, na katika kulijibu tutaita ushahidi wa ngano yetu wenyewe.

Asili ya paka shahidi

Mnyama aliingia katika hadithi ya upelelezi tangu siku ya kwanza. Katika The Murders in the Rue Morgue ya Edgar Allan Poe (1841), ambayo wengi huihesabu kuwa hadithi ya kwanza ya aina hii, muuaji hakuwa mtu bali nyani mkubwa. Miaka miwili baadaye Poe huyo huyo aliandika The Black Cat. Humo mlevi anamtesa paka wake na kumnyonga, kisha anamuua mkewe kwa shoka na kumficha ndani ya ukuta. Asichojua ni kwamba paka wake wa pili amezibiwa humo humo pamoja na maiti. Polisi wanapofika, mwuaji anaugonga ukuta kwa majigambo, na paka analia. Huyo ndiye shahidi wa kwanza wa jamii ya paka. Hakufikiri wala hakupeleleza. Alilia tu, na kilio chake kikatosha.

Aliyemtoa paka ukutani na kumkalisha sebuleni ni Lilian Jackson Braun (1913-2011), mwandishi wa gazeti la Detroit Free Press kwa karibu miaka 30. Maisha yake na paka yanastahili kutajwa kwa sababu yanageuza maana ya neno utulivu. Alipotimiza miaka 40 alipewa zawadi ya mtoto wa paka wa Kisiamu, akamwita Koko. Paka huyo alianguka kutoka ghorofa ya kumi akafa, na mwenyewe aliambiwa kuwa alisukumwa. Huzuni hiyo ndiyo iliyomfanya aandike The Sin of Madame Phloi, hadithi fupi iliyochapishwa mwaka 1962. Ndani yake paka mama anaona mwanawe akiangamizwa na jirani, kisha jirani huyo naye anapata malipo yake dirishani. Hivyo, wanaosema kuwa riwaya hizi zilizaliwa kwenye zulia la starehe hawakufika kwenye chanzo chake. Chanzo ni maiti ya mnyama chini ya jengo la ghorofa, na mwenye paka asiyekuwa na mahakama ya kumpokelea mashtaka.

Mwaka 1966 Braun alitoa The Cat Who Could Read Backwards, yaani paka aliyeweza kusoma kinyumenyume. Nyingine mbili zilifuata mwaka 1967 na 1968. Kisha kukawa na kimya cha miaka 18, maana soko lilitaka damu na ngono. Aliporejea mwaka 1986 na The Cat Who Saw Red, alikuta wasomaji wamechoshwa na vyote viwili. Hadi mwaka 2007 mfululizo wake ulifikia riwaya 29.

Ushahidi wa asiyesema

Shujaa wa Braun ni Jim Qwilleran, mwandishi wa gazeti mwenye masharubu makubwa, anayeishi na paka wawili wa Kisiamu, Koko dume na Yum Yum jike. Koko hasemi. Huangusha kitabu kutoka rafuni, hunusa kitu kilichofichwa, hukataa kukaa karibu na mgeni fulani. Qwilleran huyasoma matendo haya kama mtu asomavyo maandishi yaliyofutika nusu. Kitabu kilichoanguka kina neno linalohusiana na kisa. Je, paka alikusudia, au vitabu huanguka tu pale palipo na paka? Braun hajibu, na hapo ndipo ufundi wake ulipo. Msomaji aaminiye kuwa paka anajua, na msomaji aaminiye kuwa ni bahati tu, wote wawili hulifikia jibu moja la fumbo kwa njia mbili.

Rita Mae Brown alichagua njia nyingine. Katika mfululizo ulioanza na Wish You Were Here (1990), ambao jalada lake humtaja paka wake, Sneaky Pie Brown, kuwa mwandishi mwenza, wanyama huzungumza wao kwa wao. Binadamu wa mji mdogo wa Crozet, huko Virginia, huwasikia wakilia tu. Kwa hiyo paka Mrs. Murphy aweza kutambua jambo analoshindwa kumwambia bibi yake, mkuu wa posta. Hapa fumbo hupungua, lakini kejeli huongezeka: mjuzi hana sauti, na mwenye sauti hana habari. Carole Nelson Douglas naye, kuanzia Catnap (1992), alimpa paka mweusi wa Las Vegas nafsi ya kwanza, asimulie kwa majivuno ya mpelelezi wa vichochoroni. Kazi yake inachekesha, lakini paka wake ni mtu aliyevaa manyoya.

Kwa maoni yetu, Braun anawazidi wenzake wawili katika jambo hili. Paka asemaye huacha kuwa ushahidi na kuwa mhusika wa kawaida. Paka anyamazaye humlazimisha mpelelezi, na msomaji pamoja naye, awajibike kwa tafsiri yake. Hilo ni somo la uhakiki kabla ya kuwa somo la upelelezi: alama haijisomi.

Hata hivyo, kuna hatari. Msomaji wa Bwana Msa atauliza swali ambalo Braun hulikwepa. Abdulla hutumia mzimu na kisima cha majini ili avunje imani hizo. Nyuma ya kila ajabu Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anauona mkono wa binadamu, na Najum anaelezwa ushahidi hatua kwa hatua. Koko anatupeleka upande wa pili. Huanza kama mnyama wa kawaida akaishia kunong'onwa kuwa ana kipaji cha ghaibu. Katika pwani yetu, ambako wako wanaoamini kuwa jini hujigeuza paka, riwaya ya namna hiyo haitasomwa kama utani usio na madhara. Mwandishi wetu atakayeiiga bila tahadhari ataujenga upya mzimu ambao Abdulla aliubomoa.

Paka wa Sultani Majinuni

Sasa tuirudie ngano yetu. Katika mkusanyo wa Edward Steere uitwao Swahili Tales (1870), uliotokana na masimulizi ya Unguja, mna hadithi ya Sultani Majinuni. Sultani huyo ana paka. Paka anakamata ndama. Watu wanapeleka habari, na Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, aachwe. Baadaye ni mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia. Jibu ni lile lile. Kisha ni mtoto wa mtu. Kisha ni watu wazima. Paka anahamia porini, anakua, anakuwa nunda mla watu, na Sultani hazinduki mpaka wanawe mwenyewe wanapouawa. Mwana wa mwisho, aliyedharauliwa kuliko wote, ndiye anayetoka kumtafuta. Kila anapoua mnyama humletea mama yake na kudhani ndiye nunda, na mama humwambia siye. Huendelea hivyo, mnyama mmoja baada ya mwingine, hadi anapompata mwenyewe.

Tukiitazama fani ya ngano hii, tunakuta kila kiungo cha hadithi ya upelelezi. Pana vifo vya mfululizo. Pana mpelelezi asiye na cheo. Pana washukiwa wanaoondolewa mmoja mmoja, na pana mjuzi anayesikiliza nyumbani na kukataa ushahidi usiotosha. Mhalifu ni paka wa nyumbani. Lakini dhamira imepinduliwa. Katika riwaya ya Marekani, mapenzi ya mwenye paka humfungua macho. Katika ngano yetu humpofusha. Neno "wangu" ndilo kiini cha hukumu ya Sultani, na kwa muda wote linapotosha kumaliza kesi, wanaolipa ni raia.

Kutoka hapa twaweza kulijibu swali letu la pili. Qwilleran alianza akiwa mwandishi aliyefilisika na kuuacha ulevi. Baadaye anarithi mali nyingi kupita kiasi, anahamia kaunti ya kaskazini, anaishi katika ghala la matofaa lililogeuzwa jumba, na fedha zake hutolewa kwa wananchi kwa njia ya mfuko wa hisani. Koko anakataa chakula cha kopo. Wanakijiji hufa mmoja mmoja katika kila kitabu, na mfululizo hauwezi kuendelea pasipo vifo vyao, lakini msomaji hatishiki, kwa sababu sebule ya Qwilleran haiguswi. Utulivu huo ni wa tabaka. Hatusemi kwamba Braun alikusudia hivyo. Tunasema kwamba mwandishi aliyeanza na kilio cha paka mmoja aliyeuawa aliishia kuandika vifo vingi vya watu visivyoliliwa kwa kiasi hicho. Mfano wa Natsume Sōseki wa Japani, aliyeandika riwaya ya paka asiye na jina katika miaka ya 1905 na 1906, unaonyesha kwamba haikuwa lazima iwe hivyo. Paka wake anamtazama mwalimu mwenye nyumba na marafiki zake wasomi, na hamsamehe yeyote.

Suala la lugha

Wanafunzi wa lugha wataona jambo jingine. Kiingereza humpa mnyama kiwakilishi kile kile kinachopewa kiti na jiwe. Anayempenda ndiye humpandisha daraja. Kwa hiyo, mwandishi wa Kiingereza anapomfanya paka mhusika, huwa ametenda jambo la kisarufi ambalo msomaji hulihisi. Katika Kiswahili mpaka huo haupo. Paka ameingia, mpelelezi ameingia. Paka amejua, mpelelezi amejua. Sarufi yetu imekwisha kumpa paka kiti barazani. Atakaye kumshusha hana budi kutumia ukubwa, aseme jipaka limeingia, na hapo msomaji hujua kuwa mapenzi yamekwisha. Mwandishi stadi angeweza kumgeuza paka kuwa nunda kwa kubadilisha upatanisho peke yake, kabla hajaeleza lolote.

Kiambishi hicho hicho cha nafsi ya tatu hakitaji jinsia. Tukisema "aliingia, akazima taa, akatoka", hatujasema kama muuaji ni mwanamume au mwanamke. Mwandishi wa Kiingereza hupata taabu kubwa kulificha hilo. Sisi tumepewa bure. Kwa upande wa hasara, mfasiri wa Braun atalazimika kumkumbusha msomaji mara kwa mara kuwa Koko ni dume.

Hitimisho

Tumeonyesha kuwa paka katika riwaya tulivu ya upelelezi si pambo: anapoachwa bubu, anabeba swali zima la namna ya kusoma alama. Tumeonyesha pia kuwa utulivu wa riwaya hizo umejengwa juu ya nyumba iliyofungwa, paka wa ndani na mwenye mali. Paka wa Lamu hana nyumba ya namna hiyo. Yuko gatini wavuvi wanapofika, yuko sokoni, yuko msikitini, ambako dini haimhesabu kuwa najisi, na huingia kila ua bila kupiga hodi. Yeye si wa mtu. Ni wa mtaa. Mwandishi atakayemfuata huyo atalazimika kuingia nyumba ya tajiri na ya mchukuzi kwa hatua moja, na kifo cha mchukuzi hakitakuwa kisingizio tu cha fumbo.

Kwa hiyo, tunapendekeza riwaya hizi zisomwe katika madarasa yetu, na kila zinaposomwa, ngano ya nunda iwekwe kando yake. Mwanafunzi aulizwe swali moja kuhusu kila kazi: paka huyu ni wa nani, na ndama ni wa nani?