Lango la Mlima wa Niseko

Pengine, msomaji, theluji umeiona kwa mbali tu, ule weupe unaokaa juu ya Mlima Kenya asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Kwa hiyo huenda ikawa vigumu kwako kusadiki kwamba kitu hicho cheupe, chepesi kama sufi, chaweza kuvunja miti na kuua watu. Lakini ndivyo kilivyo, na shauri ninalotaka kulipima hapa halifahamiki mpaka hilo lifahamike kwanza.

Kisiwa cha Hokkaido kiko kaskazini mwa Japani. Wakati wa baridi pepo kali hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani na kuchukua mvuke njiani, kisha zikifika kwenye milima ya kisiwa hupanda juu na kuumwaga mvuke huo kwa sura ya theluji. Katika mlima wa Niseko Annupuri, ambao urefu wake ni mita 1,308, theluji iangukayo katika majira mamoja yakadiriwa kufika kama mita 15 kwa jumla. Watu husafiri kutoka Australia, Ulaya na nchi nyingine za Asia ili waje waiteleze juu yake wakiwa wamefunga mbao ndefu nyembamba miguuni, mchezo uitwao skii. Wenye viwanja hushindilia njia maalum kwa mashine, huzitia alama na kuzilinda. Nje ya njia hizo theluji haijaguswa na mtu. Hiyo ndiyo inayotamaniwa zaidi, na hiyo ndiyo iuayo.

Theluji haikai mlimani kama mchanga katika gunia. Hukaa tabaka juu ya tabaka, kila dhoruba na tabaka lake. Likitokea tabaka dhaifu lisiloshikana, kisha upepo ukarundika theluji nzito juu yake, hasa upande wa mlima uliokingwa na upepo, basi hapo pana bamba zima lililolala juu ya kitu kisichoweza kulibeba. Mteremko ukiwa wa digrii 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja watosha kulipasua, nalo likashuka pamoja naye. Wachunguzi wa ajali hizi wameona kwamba, katika zile zilizoua, mara nyingi sana aliyeliamsha poromoko ni yule yule aliyefukiwa, au mwenzake wa safari. Mtu akifukuliwa katika dakika 10 za kwanza ana tumaini kubwa la kuishi. Ikipita nusu saa, tumaini hilo limekwisha kupungua sana. Kwa hiyo haifai kutegemea msaada wa kutoka bondeni. Mwokozi wake ni mwenzake aliye karibu, mwenye kifaa cha redio cha kutafutia, na ufito mrefu wa kuchoma theluji, na koleo.

Sasa tulitazame shauri lenyewe. Kwa miaka mingi viwanja vya Japani vilikuwa na jawabu moja tu: marufuku. Kamba ilifungwa, na apitaye chini yake alihesabiwa kuwa mkosaji. Jawabu hilo lina sura ya busara. Hata hivyo huko Niseko watu waliinama wakapita chini ya kamba, kwa siri, pahali popote walipopenda, hata katika siku zilizo mbaya kuliko zote. Na baadhi yao hawakurudi. Ndipo wenyeji, pamoja na mchunguzi wa maporomoko aitwaye Shinya Akio, wakatunga zile zinazojulikana leo kuwa Kanuni za Niseko. Ni chache. Atakaye kutoka nje ya kiwanja na apite langoni, wala si penginepo. Asipite chini ya kamba. Lango likifungwa, hapana kutoka. Na ziko sehemu, kama bonde la Yunosawa, ambazo mcheza skii haruhusiwi kuziingia siku yoyote. Kila asubuhi ya majira hayo hutangazwa habari za upepo na theluji, na walinzi wa mlima huamua lango lipi lifunguliwe.

Mimi naona kwamba waliotunga kanuni hizi walikuwa na akili, nami nitakuambia kwa nini. Katazo lisilokoma halimfundishi mtu kitu. Kila siku ikiwa imekatazwa, siku ya hatari kuu hufanana na siku ya utulivu, na kijana aliyepita chini ya kamba jana akarudi salama huwacheka walioiweka. Lakini lango lililokuwa wazi Jumatatu likafungwa Jumanne humpasha habari: limebadilika jambo huko juu tangu jana. Kufungwa kwake kuna maana kwa sababu hufunguliwa. Isitoshe, watokao langoni hutoka mahali panapojulikana, si kila mmoja kwa upenyo wake. Sisi walimu tungeweza kujifunza hapo, maana wengi wetu twapenda sana kufunga kamba.

Hata hivyo kanuni hizo zina udhaifu, nao umo katika neno moja. Lango likiwa na ilani isemayo "wazi", mlinzi aliyeiweka ana maana hii: "Leo hatukuzuii." Mgeni husoma: "Leo ni salama." Kati ya maana hizo mbili ndipo mtu anapofia. Mfikirie huyo mgeni. Ametumia fedha nyingi, ana juma moja tu, amekuja na rafiki zake, na mbele yake ni mlima mzima usio na alama ya mguu. Kila kitu ndani yake chataka neno lile liwe na maana ya pili. Naye hupita. Lango halimwulizi kama ana koleo, wala kama amepata kulitumia, wala kama mwenziwe ajua kukitafuta kifaa cha redio kilichozikwa.

Usidhani kwamba ustadi wa kuteleza humkinga mtu. Tarehe 29 Januari 2023, katika mlima wa Hakuba Norikura, mkoa wa Nagano, poromoko liliua watu wawili nje ya eneo la kiwanja. Mmoja wao alikuwa Mmarekani Kyle Smaine, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2015 katika mchezo wa skii. Theluji haikumwuliza habari za nishani zake.

Wapo wasemao kwamba afaye kwa uchaguzi wake mwenyewe hajamdhulumu mtu. Neno hilo silikubali. Poromoko likishuka, wako watu watakaopanda kwenye mteremko ule ule, chini ya theluji ile ile ambayo huenda haijamaliza kuanguka, wakimtafuta. Hao hawakuchagua. Ni haki basi kwamba anayetafutwa hudaiwa gharama, ijapokuwa fedha hazilipi uhai wa mwokozi.

Lakini kabla hujaamua kwamba marufuku ilikuwa bora, kumbuka Nasu, katika mkoa wa Tochigi. Tarehe 27 Machi 2017 wanafunzi wa shule za sekondari, rika lako wewe, walikuwa katika mafunzo ya kupanda milima. Theluji nyingi ilikuwa imeanguka usiku, kwa hiyo walimu walifuta safari ya kupanda kileleni. Badala yake waliwapeleka wanafunzi wafanye mazoezi ya kupasua njia katika theluji, karibu na kiwanja cha skii kilichokuwa kimefungwa kwa majira hayo. Waliona hapo ni salama. Poromoko likashuka, wakafa wanafunzi saba na mwalimu mmoja. Mwaka 2024 mahakama ya Utsunomiya iliwahukumu walimu watatu kifungo cha miaka miwili kila mmoja. Mimi hufunza watu watakaokuwa walimu, nami huisoma habari hiyo kwa uzito ambao labda wewe bado hujaujua. Hawakuwa watu wasiojali, safari waliifuta. Palipokosekana ni pale penye swali la pili: na huku chini je? Siku ile hapakuwa na lango, wala mlinzi ambaye kazi yake asubuhi hiyo ilikuwa kuutazama mteremko ule na kusema ndiyo au la.

Kwa hiyo ningeulizwa, lango la Niseko ningeliacha, na amri ya kulifunga ningewaachia walinzi wa mlima peke yao, si wenye hoteli wala wauza tiketi. Ila lile neno "wazi" ningeliondoa. Mahali pake ningeandika, kwa lugha zote za wageni, upepo ulivuma kutoka wapi usiku, theluji mpya ni sentimita ngapi, na upande upi wa mlima wanauogopa leo.