Jina Jaladani: Suala la Utunzi katika Mikusanyo ya Jack Kirby

Hadithi za picha za mashujaa wa Marekani zilizaliwa kama bidhaa ya kutupwa. Kijarida kiliuzwa kwa senti 10, kikasomwa, kikaachwa. Mtunzi alilipwa kwa ukurasa, na haki zote zikabaki kwa kampuni. Marvel ilipoanzisha mfululizo wa Marvel Masterworks mwaka 1987, na DC Archive Editions mwaka 1989, hadithi hizo ziliingia katika majalada magumu. Aghalabu hatua hii huchukuliwa kuwa ya uhifadhi tu. Makala haya yanashikilia kwamba mkusanyo ni tendo la kihakiki: huweka mipaka ya matini na, papo hapo, huamua nani aitwe mtunzi.

Mfano ulio bayana ni Jack Kirby (1917-1994). Kati ya 1961 na 1970, Kirby na Stan Lee walitoa matoleo 102 ya Fantastic Four mfululizo. Aghalabu Lee alitoa wazo, pengine kwa mazungumzo tu. Kirby akaichora hadithi na kuusuka mfuatano wa matukio. Kisha Lee akatia maneno. Msomaji anayeshikilia kwamba mtunzi ni mwenye maneno humpokonya Kirby msuko, ambao ndio uti wa mgongo wa usimulizi.

Hali ni tofauti katika Fourth World. Alipohamia DC mwaka 1970, Kirby aliandika, akachora na kuhariri majarida manne yanayohusu vita baina ya New Genesis na Apokolips. Mawili kati yake, New Gods na Forever People, yalikatizwa mwaka 1972, kila moja likiwa na matoleo 11. Aliyefuata jarida moja tu aliona vipande. Mkusanyo wa juzuu nne wa 2007-2008 uliyachanganya majarida hayo kwa mfuatano wa kuchapishwa kwake, na visa vilivyoonekana kutangatanga vikadhihirika kuwa nyuzi za utendi mmoja.

Hata hivyo, umoja huo una hatari yake. Jina moja likitawala jalada, mikono mingine hufifia: Vince Colletta na Mike Royer, waliopitisha wino juu ya michoro ya penseli ya Kirby, na Al Plastino, aliyeagizwa na DC auchore upya uso wa Superman ili ulingane na mtindo wa kampuni. Kusahau mikono hiyo ni kurudia dhuluma iliyompata Bill Finger (1914-1974), ambaye hakutajwa rasmi kando ya Bob Kane kama muumbaji wa Batman hadi mwaka 2015.

Mapatano ya 2014 kati ya Marvel na warithi wa Kirby yalimaliza kesi ya haki. Hayakumaliza suala la uhakiki. Mhakiki hana budi kuyasoma mpangilio wa mkusanyo, utangulizi wake na majina yaliyo jaladani kama sehemu ya matini yenyewe.