Laptopu nyepesi, stoo nyumbani

Januari 2008, Steve Jobs alipanda jukwaani San Francisco akaichomoa MacBook Air kutoka ndani ya bahasha ya kaki. Picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Lakini siku hiyohiyo Apple ilitangaza kifaa kingine ambacho leo wachache wanakikumbuka: Time Capsule, kisanduku cheupe chenye ruta ya Wi-Fi na diski kubwa ndani yake. Kwangu mimi, hicho cha pili ndicho kinachokieleza cha kwanza.

Angalia Air ile ilivyopunguziwa vitu. Ilikuwa na uzito wa kilo 1.36, diski ya gigabaiti 80 na tundu moja tu la USB. Haikuwa na mahali pa kuingiza CD wala pa kuchomeka waya wa mtandao. Time Capsule, kwa upande wake, ilikuja na gigabaiti 500 au terabaiti 1. Maana yake ni kwamba mashine ya kubebwa ichukue kazi ya leo, na mengine yote yalale nyumbani. Programu ya Time Machine, iliyotoka Oktoba 2007, ilinakili mabadiliko kila saa hadi kwenye kisanduku hicho bila mwenye kompyuta kukumbushwa.

Mgawanyo huo ulikuwa sahihi, na mtu anayepanga ofisi ya nyumbani leo hana sababu ya kuuacha. Laptopu nyepesi nyingi bado zinauzwa na gigabaiti 256, na mfumo pamoja na programu vikishachukua nafasi yao, anayerekodi video za harusi hujaza zilizobaki mapema sana. Kilichokuwa dhaifu ni utekelezaji.

Tuanze na njia ya kupitisha faili. Apple iliitegemea Wi-Fi, na nakala ya kwanza kabisa, ile inayobeba kila kitu, ilikwenda polepole mno. Wi-Fi ya nyumba ya kawaida, yenye kuta mbili katikati, ikikupa megabaiti 25 kwa sekunde, gigabaiti 200 zitachukua zaidi ya saa mbili. Waya wa gigabiti unapitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, na mzigo uleule unamalizika kwa nusu saa. Kwa hiyo kabla ya kununua diski kubwa, nunua adapta ya USB-C yenye tundu la waya wa mtandao, uvute waya kutoka kwenye ruta hadi mezani. Hakikisha ni ya gigabiti. Zile za megabiti 100 bado zipo madukani na kwa macho zinafanana nazo, ila hazivuki megabaiti 12 kwa sekunde.

Udhaifu mwingine: Time Capsule ilikuwa na diski moja, na ruta na mfumo wake wa umeme vilikuwa ndani ya kasha hilohilo, hivyo umeme wake ukiharibika, mtandao na hifadhi vinazimika pamoja. Siku hizi dawa ni sanduku la mtandao la diski mbili, lililotenganishwa na ruta, likipangwa kwa RAID 1 ili kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kiandikwe na kwenye ya pili. Hapa wengi wanapumua mapema. RAID inakukinga na diski kufa, basi. Ukifuta folda ya mteja kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Virusi wa kufunga faili na kudai fedha wakiingia, vilevile.

Kwetu jambo lililo gumu zaidi ni umeme. Kompyuta inapoambiwa faili limehifadhiwa, mara nyingi sehemu ya faili hilo bado iko kwenye kumbukumbu ya muda, haijafika kwenye diski. Umeme ukikatika sekunde hiyo, sehemu hiyo imepotea. Mifumo ya faili kama ext4, inayotumika kwenye masanduku mengi ya mtandao, huandika kwanza kwenye jarida lake mabadiliko yanayokuja, kwa hiyo umeme ukirudi inajua ilipoishia. Diski ya nje iliyofomatiwa exFAT haina jarida hilo, na kukatika kumoja kubaya kunaweza kuvuruga orodha inayoonyesha kila faili lilipo. Laptopu ina betri yake, sanduku halina. Lipatie UPS, yaani betri ya akiba, pamoja na ruta, kisha, na hili ndilo linalosahaulika, chomeka waya wa USB kutoka UPS hadi kwenye sanduku na uwashe mpangilio wa kujizima. Bila waya huo UPS itakupa dakika kadhaa, betri yake itaisha, na sanduku litazimika ghafla kama vile UPS haikuwepo.



Inabaki nakala ya nje ya nyumba. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Time Capsule haikukupa hiyo ya mahali pengine. Wengi hukimbilia hifadhi ya mtandaoni, lakini kwanza piga hesabu: kasi ya kupandisha ya megabiti 20 kwa sekunde inahitaji zaidi ya siku nne na nusu, usiku na mchana, kupeleka terabaiti 1. Kwa nyaraka na mahesabu inafaa kabisa. Kwa video, diski ya kawaida iliyofungwa kwa nenosiri, inayokaa kwa ndugu na kuletwa kila wiki kuongezewa mapya, inafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Na muda wote ambao haijachomekwa popote, virusi hawaifikii.

Mwisho wa mwezi chagua folda moja ya zamani, uirudishe kwenye laptopu kutoka diski hiyo ya kwa ndugu. Usitosheke kuona majina ya faili. Cheza video hadi katikati, fungua lahajedwali usome namba. Lisilofunguka linakiliwe upya siku hiyohiyo, kabla diski haijarudishwa.